Vita vya zamu kwa zamu kwenye simu: mwongozo wa Unciv kutoka Mtwara

"Shikamoo mjomba. Hii simu inaniibia."

Mpwa wangu huyo, jioni moja kibarazani kwetu Magomeni, Mtwara mjini. Akanipa simu nijionee. Zamu kumi nyuma alikuwa na vikosi kumi na kimoja. Vilibaki vitatu, vyote hoi, na mji wa adui ulikuwa palepale juu ya kilima, ng'ambo ya mto. Nikamuuliza, uliwavusha kimoja kimoja? "Ndiyo." Ukawapandisha kilimani bila wapiga mishale nyuma yao? Akaangalia pembeni.

Simu haikumwibia kitu. Alicheza kama tunavyocheza wote mwanzoni, hasa tuliozoea gemu za kukimbizana na kufyatua risasi: ukimwona adui, mvamie. Kwenye gemu ya zamu adui hakimbii. Anakusubiri umalize kufikiri, na usipofikiri atakungoja vilevile, ila umekwisha. Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote anayefuta gemu hii baada ya siku mbili akidai ni ngumu.

Unciv, gemu yenyewe, ni ya bure na haina matangazo. Aliyeianzisha ni mtayarishaji programu anayeitwa Yair Morgenstern, akifuata kanuni za Civilization V, ile gemu kubwa ya kompyuta. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwenye Android unaipata Google Play au F-Droid (duka jingine la programu), na kwenye kompyuta ipo pia. Ukishaishusha huhitaji bando tena, na haichagui simu ya bei kubwa, maana picha zake ni za kawaida kabisa. Unaanza mwaka 4000 KK ukiwa na walowezi na kikosi cha askari wa rungu. Unajenga miji, unavumbua mambo, na usipouawa njiani unafika zama za vifaru na ndege za kivita.

Kama unajua bao, umeshapiga nusu ya safari. Mzee aliyekaa kwenye bao la Kiswahili hasukumi kete kwa sababu mkono unawasha. Anahesabu zitakapolala, anaangalia mwenzake atakula nini, ndipo anagusa shimo. Kete zake 22 za mkononi hazitupi ovyo wakati wa namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete. Vikosi vyako ndizo kete hizo.

Kwanza, andaa uwanja

Ukifungua gemu mpya utaulizwa mambo mengi. Mengi yaache yalivyo. Badilisha matatu.

Ramani iwe ndogo, wapinzani watatu au wanne. Ramani kubwa inapendeza mwanzoni, lakini ikifika karne za mwisho kila taifa lina miji kumi na simu inachukua muda mrefu kumaliza zamu moja. Unabonyeza, unakwenda kuchota maji, unarudi, bado inazunguka.

Ugumu chagua wa pili au wa tatu kutoka chini. Wa chini kabisa utakufundisha uvivu, maana kompyuta inakuachia kila kitu.

Taifa, kwa anayeanza, nampa Songhai au Ethiopia. Songhai wanapata dhahabu mara tatu wakivunja kambi za washenzi (magenge ya gemu yasiyo na taifa), na hao utakutana nao mapema hata usipowatafuta. Ethiopia wanaongezewa nguvu asilimia 20 wakipigana na taifa lenye miji mingi kuliko yao. Sifa hiyo imepewa jina la Adwa, walikowapiga Waitaliano mwaka 1896. Kwa mtu anayependa miji michache iliyotunzwa vizuri, hiyo ni zawadi. Waswahili hawamo kwenye orodha ya kawaida. Nimetafuta. Korosho nayo haimo kwenye mazao ya anasa, japo pamba, viungo na pembe za ndovu vyote vipo.

Pili, miji kabla ya vita

Hapa nitapita haraka. Jenga mji wa kwanza zamu ya kwanza au ya pili, usizurure na walowezi. Kando ya mto ni vizuri, juu ya kilima ni vizuri zaidi kwa ulinzi, ukipata vyote viwili usiulize swali. Toa mpelelezi, kisha wapiga mishale wawili, ndipo walowezi wengine. Miji mitatu yatosha kuanzia.

Uvumbuzi: nenda mapema kwenye upigaji mishale. Ufugaji ndio unaokuonyesha farasi walipo, na uhunzi wa chuma ndio unaokuonyesha chuma kilipo, hivyo usipange jeshi la mapanga kabla hujajua kama una chuma. Hisabati ndiyo inayoleta manati za kubomolea miji.

Jicho lako lisitoke kwenye alama ya furaha juu ya skrini. Kila mji unaoongeza, na kila mtu anayezaliwa, anapunguza furaha. Nitalirudia hili mbele, maana liliniadhiri.

Tatu, soma ardhi

Mpwa wangu alianguka hapa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ramani imegawanywa vigae vyenye pembe sita, na kigae kimoja kinabeba kikosi kimoja tu cha kijeshi. Huwezi kurundika watu. Uchochoro kati ya mlima na bahari unaweza kuzuiwa na kikosi kimoja, na wale wengine ishirini walio nyuma wakabaki kutazama.

Anayejilinda juu ya kilima anaongezewa nguvu asilimia 25. Msituni vilevile. Kwenye kinamasi anapunguziwa. Anayeshambulia kwa silaha ya mkono akivuka mto anapoteza asilimia 20, na kuvuka kwenyewe kunamaliza mwendo wake wote wa zamu ile. Kikosi kikipewa amri ya kujichimbia kinapata asilimia 20, zamu ya pili zinakuwa 40. Sasa jumlisha: adui yuko kilimani, amejichimbia zamu mbili, wewe unatokea ng'ambo ya mto. Kwa rungu au kwa upanga, umeshindwa kabla ya kubonyeza.

Tena gemu yenyewe inakuambia. Ukichagua kikosi chako kisha ukamgusa adui, chini panatokea jedwali: nguvu yako, nguvu yake, kila nyongeza na kila punguzo, na uhai utakaobaki kila upande. Nilimuuliza mpwa wangu kama huwa analisoma. "Naliona, mjomba." Kuliona si kulisoma. Kabla ya kila shambulio tazama uhai utakaobaki upande wako. Ukiona unapoteza zaidi ya unachomtoa mwenzako, toa kidole, tafuta kigae kingine.

Mambo mengine mawili ya ardhi. Mpiga mishale anapiga umbali wa vigae viwili, lakini msitu ulio katikati unamziba macho. Mpandishe kilimani aone juu yake. Na kila kikosi cha adui kina eneo linalokizunguka: ukihama kutoka kigae kilichopakana naye kwenda kingine kilichopakana naye, mwendo wako unakwisha. Kwa hiyo vikosi viwili vilivyoachana kigae kimoja vinaziba njia kama vitatu. Huhitaji ukuta wa watu.

Sisi wa kusini hatukupaswa kufundishwa haya na simu. Ukitoka Lindi kwenda Masasi, ukapita Mtama, unafika Nyangao, na Mahiwa iko hapo jirani. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa hapo mapigano makali mno ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa na watu karibu 5,000, wakiwemo Wanigeria na askari wa King's African Rifles. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,500, wengi wao askari Waafrika, wamejichimbia. Jenerali Beves wa Waingereza akawatuma watu wake moja kwa moja mbele, tena na tena. Lettow-Vorbeck alishamwona akifanya vilevile kule Reata, karibu na Kilimanjaro, Machi 1916, na alitegemea atarudia. Waingereza walipoteza kama watu 2,700, wafu na majeruhi. Wajerumani walipoteza mia tano na kitu.

Ukiishia hapo utasema ni somo la kujichimbia tu. Lakini angalia kilichofuata. Aliyeua wengi ndiye aliyeondoka. Wale mia tano hakuwa na wa kuwaziba, risasi zilikuwa zinakwisha, na tarehe 25 Novemba mwaka huohuo alikuwa ameshavuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno, Msumbiji ya leo. Waingereza walipoteza mara tano yake na bado walikuwa na wa kuleta.

Kwenye gemu hesabu ni ileile. Kabla ya vita usijiulize tu nani ana nguvu kwenye kigae hiki. Jiulize kikosi changu kikifa leo, mji wangu utatoa kingine baada ya zamu ngapi, na kitatembea zamu ngapi kufika. Ikiwa jibu ni kumi na tano, wewe ni Lettow-Vorbeck: chagua kilima, mfanye adui aje kwako, na usibadilishane naye mtu kwa mtu hata kama unaonekana kushinda. Ikiwa jibu ni nne, unaweza kumudu kusukuma.

Kitu kimoja ambacho gemu haikionyeshi ni wapagazi. Unalipa dhahabu kwa ajili ya jeshi, basi. Vita ile ya kweli ilibebwa vichwani na watu wa vijiji hivihivi, na walikufa wengi bila kushika bunduki.

Nne, jeshi lenyewe

Anayeanza hujaza mapanga. Mimi naanza na wapiga mishale watatu, wa mbele wawili (mikuki inatosha kama hakuna chuma) na farasi mmoja akipatikana. Wa mbele kazi yao ni kupigwa. Wasimame msituni au kilimani, wajichimbie, wapokee. Wapiga mishale nyuma yao ndio wanaoua. Farasi anamalizia mwenye uhai kidogo anayejaribu kurudi kwao, maana ana mwendo wa vigae vinne. Usimpeleke farasi kwenye mji, wala kwenye mikuki: mkuki unaongezewa nusu ya nguvu yake dhidi ya wapanda farasi.

Kikosi kilichojeruhiwa kirudishe. Hii ndiyo tabia ngumu kuliko zote kujifunza. Kila kikosi kina uhai 100, na kinapona haraka zaidi kikiwa mjini kwako au kwenye ardhi yako kuliko kwa adui. Kikosi kilichopigana mara nyingi kinapandishwa cheo na kupewa ujuzi, kwa hiyo mpiga mishale mwenye vyeo vitatu ana thamani kuliko wapya wawili. Akifika uhai 40, mtoe, mwekee amri ya kujichimbia mpaka apone, mlete mwingine mahali pake.

Dhahabu nayo. Kila kikosi kinakula mshahara kila zamu. Hazina ikikauka hata utafiti wako unaumia. Jeshi la watu kumi na watano waliokaa mjini wakipunga upepo ni hasara kuliko vita.

Tano, kuuteka mji

Nitaeleza mji mmoja niliouteka wiki iliyopita, zamu kwa zamu. Uko pwani, magharibi yake msitu, kusini kilima. Nilikuwa na wa upanga wawili, manati mbili, wapiga mishale wawili.

Kabla ya hapo kumbuka mambo matatu. Mji una uhai 200 na unajiponya kila zamu, kwa hiyo kuupiga kidogo kidogo ni kumwaga maji kwenye mchanga. Mji unapiga umbali wa vigae viwili, mara moja tu kwa zamu. Na mishale na manati haziwezi kuuteka; zinaushusha mpaka uhai wa mwisho, lakini anayeingia lazima awe mpiganaji wa mkono.

Zamu ya kwanza nilisimamisha wote umbali wa vigae vitatu. Mji haukunifikia. Unaona wengi wakifika hapa mmoja leo, mwingine keshokutwa, na mji unawala kama bisi. Subiri wote wafike.

Zamu ya pili wa upanga wote wawili wakaingia msitu unaopakana na mji. Mji ukampiga mmoja. Sawa, ndicho nilichotaka: umetumia pigo lake kwa mtu mwenye mti wa kujifichia.

Zamu ya tatu wa upanga wakajichimbia. Manati zikasogea mpaka vigae viwili na zikajipanga. Manati haipigi mpaka ijipange, na kujipanga kunakula mwendo, kwa hiyo zamu hiyo inakwenda bure. Hapo moyo unadunda, kwa sababu manati ikifikiwa na askari wa adui inapasuka kama yai. Kikosi kimoja kilitoka mjini kuzifuata. Wapiga mishale wangu wa kilimani wakakipiga mara mbili, na wa upanga mmoja akakimalizia.

Zamu ya nne manati zikafungua. Zina nyongeza ya asilimia 200 zikipiga mji, na unaona mstari wa uhai ukirudi nyuma kwa vipande vikubwa. Mishale ikaongeza. Zamu ya tano vivyo hivyo. Zamu ya sita manati ya kwanza ikaushusha mji hadi uhai wa mwisho, na yule wa upanga ambaye hakuguswa akaingia. Aliyepigwa mwanzoni nilimwacha msituni apone. Sikupoteza hata kikosi kimoja.

Kama ungekuwa kilimani, ng'ambo ya mto, kama ule wa mpwa wangu, ningefanya nini? Ningeuzunguka. Na kama hauzunguki, ningeuacha. Kuna miji mingine.

Sita, umeuteka, sasa?

Skrini itakuuliza: uutawale moja kwa moja, uufanye kibaraka, au uuchome. Makao makuu ya taifa hayachomeki. Kwa mwanzo, fanya kibaraka karibu kila mara. Hutachagua mji ujenge nini, lakini kero yake kwa watu wako ni ndogo. Ukiutawala moja kwa moja utahitaji kuujengea mahakama ndipo watulie.

Hapa ndipo nilipoadhirika. Niliteka miji mitatu mfululizo, yote nikaitawala, nikajiona sultani. Furaha ikashuka chini ya kumi hasi. Miji ikaacha kukua, na askari walewale waliokuwa wakishinda wakaanza kupigwa na wapiga mishale wa zama zilizopita. Nilifungua lile jedwali la mapigano na kukuta punguzo limeandikwa wazi: watu wako hawana furaha. Ilinichukua zamu thelathini kununua kwa majirani bidhaa za anasa, zinazorudisha furaha, ili watu wangu wanisamehe.

Usirudishe gemu nyuma kila ukipoteza kikosi. Inajihifadhi yenyewe kila zamu, na kishawishi kipo. Mimi najiruhusu mara moja tu, pale kidole kilipoteleza kikagusa kigae cha jirani. Kuteleza kwa akili silipii fidia.

Ukiizoea

Ndani ya gemu kuna kihariri cha ramani. Miezi ya kusubiri malipo ya korosho nimekitumia kuchora kwetu: ghuba ya Lindi, mto Lukuledi unaoingia hapo, uwanda wa juu wa Makonde na Newala yake, na Ruvuma chini kabisa. Uwanda niliuchora vilima na misitu, nikauacha bila mto, kama ulivyo, maana maji yako mabondeni. Mtu akikaa juu kule kumtoa ni kazi. Kulisha mji wake nako ni kazi. Ni ramani nzuri ya wawili.

Na wawili mnaweza kucheza kwa simu moja. Unapoandaa gemu, badala ya kumwachia mpinzani kompyuta, mweke kuwa binadamu. Ukimaliza zamu skrini inafunikwa na kuuliza kama mchezaji anayefuata yuko tayari, ili asichungulie mambo yako. Mpwa wangu akishamaliza masomo yake ya usiku tunakaa kibarazani, sahani ya ming'oko (viazi vya porini vya kwetu) katikati, simu inakwenda na kurudi. Usile kwa mkono uleule unaogusa skrini.

Juzi nilikuwa na vikosi saba upande wa Lindi, yeye vinne upande wa Nyangao. Alichukua muda mrefu na simu, mpaka nikamuuliza kama amelala. Aliponirudishia nikakuta wote wanne wako juu ya vilima, wamejichimbia, Lukuledi mbele yao, na wapiga mishale wawili nyuma.

"Zamu yako, mjomba," akasema, akachukua mng'oko wa mwisho.